Shukrani ya mfugaji si ushahidi wa shibe

Kila Desemba inapowadia, shukrani hujaa vinywani mwa Wakenya. Makanisani watu husimama foleni kutoa ushuhuda, katika mikutano ya hadhara viongozi humshukuru Mwenyezi Mungu kwa niaba ya wananchi, na katika kadi za salamu mwaka unaokatika huitwa mwaka wa baraka. Si vibaya. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa moyo usio na shukrani hukausha mema yote. Hata hivyo, nina shaka na namna yetu ya kushukuru. Wengi wetu huyachambua mambo ya mwaka kama mtu achaguaye mchele: punje nzuri huingia chunguni, chuya hutupwa, kisha tukasema kwamba mwaka ulikuwa safi.

Wapo watu katika nchi hii wasioshukuru kwa namna hiyo. Nimewakuta Ishiara miongoni mwa wafugaji wa mbuzi, na leo ningependa kueleza kwa nini naamini kuwa wao wanalielewa neno "asante" kuliko sisi tuliosoma, na kwa nini wenye mamlaka wana wajibu wa kujifunza kuwasikiliza.

Kwa asiyeijua, Ishiara ni mji mdogo wa soko katika Mbeere Kaskazini, Kaunti ya Embu, si mbali na mto Thuci unaoitenga Embu na Tharaka Nithi. Jina la Embu humletea msikilizaji taswira ya majani chai, kahawa na ukungu wa Mlima Kenya. Ishiara si huko. Ukiteremka kutoka pande za Runyenjes, migomba hupungua, hewa huwa nzito, na hatimaye unajikuta katikati ya migunga, vumbi na mbuzi. Ni nchi iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Watu hulima mtama, uwele, kunde, mbaazi na ndengu, lakini akiba yao ya kutegemewa iko zizini.

Kilichonipeleka huko mara ya kwanza ni kazi yangu ya isimu. Nilikuwa nakusanya msamiati wa ufugaji katika lugha za eneo la Mlima Kenya ili niulinganishe na ule wa Kiswahili. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu hushangaa wanapoambiwa kwamba Kiswahili kina neno mbarika kwa mbuzi jike ambaye hajazaa, mtamba kwa ng'ombe wa umri huo, mbuguma kwa jike aliyekwisha kuzaa, na beberu kwa dume la mbuzi. Neno la mwisho wanalijua, lakini kwa maana ya mkoloni tu! Msamiati huo unatukauka midomoni kwa sababu zizi limetuondokea machoni.

Huko Ishiara haujakauka. Mbuzi huitwa mburi na mvua huitwa mbura. Mtu asiye mwanaisimu angedhani kwamba mafanano ya maneno hayo mawili ni mchezo wa bahati. Kwa hakika mashina yake ni tofauti tangu zama za Kibantu cha kale, na mburi ni ndugu wa mbuzi kama vile mbura ilivyo ndugu wa mvua. Lakini mzee mmoja mwenye zizi aliponisikia nikilieleza jambo hilo alicheka, akaniambia: "Mwalimu, wewe unasema ni maneno mawili. Sisi tunajua ni kitu kimoja. Hiyo moja ikikosa kuja, huyo mwingine anakwenda."

Ni katika boma la mzee huyo ambapo mwishoni mwa Desemba 2023 nilialikwa kuhudhuria kikao cha familia cha kuushukuru mwaka. Sitalitaja jina lake, kwa kuwa habari hii si yake peke yake. Ana mke, wana wawili walio na wake zao, binti wa mwisho aliyekuwa ametoka tu kufanya mtihani wa kidato cha nne, na wajukuu kadhaa.

Ili tukielewe kikao hicho hatuna budi kuukumbuka mwaka wenyewe. Itakumbukwa kwamba kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022 sehemu kubwa ya maeneo kame ya Kenya ilikosa mvua ya kutosha kwa misimu 5 mfululizo. Mnamo Septemba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Kufikia mwisho wake, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa nchini. Kisha, mwezi wa Machi 2023, mvua ikarudi. Na kabla ya mwaka huo kwisha, kati ya Oktoba na Desemba, ikaja mvua ya El Niño iliyoleta mafuriko na kuua watu zaidi ya 100 katika sehemu mbalimbali za nchi. Kiu na gharika vilikaa ndani ya mwaka mmoja kama wake wenza katika boma moja.

Familia hii iliuingia ukame ikiwa na mbuzi 60. Kufikia Januari 2023 ilikuwa imebaki na mbuzi 23 na ng'ombe 4. Mwezi huo huo ikawauza mbuzi 5 ili binti aende kukamilisha kidato cha nne. Mfugaji yeyote atakwambia kwamba huo ndio wakati mbaya kuliko yote wa kuuza. Mnyama amekonda, kila mtu sokoni anauza, na mnunuzi anajua kuwa muuzaji hana pa kwenda. Mbuzi ambaye katika mwaka mwema angelipa sehemu kubwa ya karo hurudisha nyumbani pesa za sare na nauli.

Mvua ya Machi ilipoanza, mbuzi 3 walikufa. Hapa msomaji wa mjini atashangaa: vipi mvua iue mnyama aliyeingoja kwa miaka miwili? Ukweli ni kwamba mnyama aliyedhoofishwa na njaa hana mafuta mwilini ya kumkinga na baridi. Usiku wa kwanza wa mvua humkuta mifupa mitupu, na asubuhi haamki. Wafugaji wanalijua jambo hilo vyema, na ndiyo maana mvua ya kwanza baada ya ukame hupokewa kwa furaha na hofu kwa pamoja.

Waliosalia walinenepa. Mbuzi hubeba mimba miezi 5, kwa hiyo waliopata mimba nyasi zilipochipuka walizaa Septemba na Oktoba. Mbuzi jike 9 walizaa watoto 11, na 2 kati ya hao wakafa. Maziwa yakarudi vikombeni. Halafu El Niño ikashuka. Homa ya mapafu ikaingia zizini na kuwachukua 4. Mto ukafurika ukamsomba mtamba mmoja. Mwaka ulipofunga hesabu, zizi lilikuwa na mbuzi 20 na ng'ombe 3.

Naomba msomaji aitazame hesabu hiyo tena. Familia ilianza mwaka na mbuzi 23, ikaumaliza na 20. Ilianza na ng'ombe 4, ikaumaliza na 3. Kwa kipimo cha mwenye duka, huo ni mwaka wa hasara. Hata hivyo, walikuwa wamekusanyika kushukuru, na mbuzi mmoja kati ya hao 20 alikuwa amechinjwa kwa ajili hiyo. Nilimuuliza mzee kama haikuwa ubadhirifu. Akanijibu kwamba familia isiyokula mbuzi wake hata mmoja inamfugia daktari na mwalimu wa shule, na watoto hawatakuwa na sababu ya kulipenda zizi.

Kilichonigusa ni utaratibu wenyewe. Mzee hakuanza na mazuri. Alisema, "Tuanze na waliotutoka," na wanyama waliokufa wakatajwa mmoja baada ya mwingine, kwa rangi zao, kwa pembe zao na kwa tabia zao. Huyu alikuwa mwizi wa kunde. Huyu alizaa mapacha mara tatu. Baada ya hapo kila aliyekuwapo alitaja jambo moja gumu na jambo moja la kheri, na hakuna aliyeruhusiwa kutaja la kheri peke yake.

Mkaza mwana mmoja alitaja homa ya mtoto wake wakati wa masika, kisha akatoa shukrani kwa ndengu alizouza Juni. Mjukuu wa miaka 9, aliyekuwa akiwachunga mbuzi siku za likizo, aliushukuru mti wa mukau. Watu wakacheka, lakini hakuwa na mzaha. Mukau, ambao wanasayansi huuita Melia volkensii, hupandwa sana Mbeere kwa sababu ya mbao zake nzuri, na majani yake hulisha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Wataalamu David Brokensha na Bernard Riley, walioanza utafiti wao Mbeere mwaka 1970, walijaza kitabu kizima kuhusu mimea ya huko na matumizi yake, na sehemu kubwa ya elimu hiyo waliipata kwa wananchi wenyewe. Mtoto yule alikuwa anaongeza ukurasa wake.

Zamu ya binti wa kidato cha nne ilipofika, alisema kwamba jambo lake gumu na la kheri ni moja. Akawataja wale mbuzi 5 waliouzwa Januari, kila mmoja kwa rangi yake, akamalizia: "Baba, Mama, mimi ndiye wale watano. Msinihesabu peke yangu mkawasahau."

Nilimuuliza mama mwenye nyumba baadaye kwa nini waliokufa hutangulia. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua huchomoza. "Mwalimu, nikiwashukuru waliobaki bila kuwataja walioondoka, hesabu yangu ni ya uongo. Na Mungu si mtu wa kupelekewa hesabu ya uongo."

Kiswahili kina methali inayowasuta wasio na fadhila: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Tumbo husahau. Kikao kile kilikuwa dawa ya usahaulifu huo. Walikuwa wanamkumbuka mla jana, mbuzi wa jana na njaa ya jana, ili kheri ya leo ijulikane kipimo chake.

Sasa nigeukie taaluma yangu. Tunapolitamka neno "asante" hatufikiri limetoka wapi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni "umefanya vyema". Si neno la kujinyenyekeza. Ni hukumu. Msemaji ameitazama kazi ya mwenziwe, ameipima, akaiona njema, akamwambia hivyo. Katika lugha za Mlima Kenya, ambazo mtaalamu Malcolm Guthrie aliziweka pamoja katika kundi la E50, jambo ni lile lile kwa njia nyingine. Mgikuyu husema "ni wega" na Mmeru husema "ni bwega", yaani ni vyema. Hapo pia anayeshukuru anatoa kauli juu ya hali ilivyo. Anashuhudia.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi shukrani ina masharti. Huwezi kumwambia mtu kwamba amefanya vyema katika jambo ambalo hakulifanya. Wala huwezi kushuhudia kuwa ni vyema pasipo kulitazama pia lisilo jema, maana shahidi anayeona upande mmoja hufukuzwa mahakamani. Watu wa Ishiara hawajasoma etimolojia, lakini kikao chao kilifuata maana ya neno hilo hatua kwa hatua.

Tatizo ni kwamba wanapotoka nje ya boma, shukrani yao hutafsiriwa vingine. Nimewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara katika maeneo hayo ambapo msemaji mmoja aliwaalika wananchi waseme "asante" kwa pamoja, kisha akatangaza kwamba sauti hiyo ni ithibati kuwa ukame umekwisha na watu wameshiba. Watu walisema asante kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Msemaji aliichukua shukrani ya mvua akaitia mfukoni mwake!

Huo ndio ubadilishaji wa maana unaonikera. Mfugaji anaposhukuru, anasema ameokoka. Hasemi kwamba hana madai. Kuokoka ukame kwa kuuza theluthi mbili ya zizi lako ni jambo la kumshukuru Mungu, na wakati uo huo ni jambo la kumuuliza mwanadamu maswali.

Nina maswali matatu. La kwanza ni la kuonekana. Mbeere iliwahi kutengwa kuwa wilaya mwaka 1996, lakini tangu kaunti 47 zianze kazi mwaka 2013 imo ndani ya Embu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, inaitambua Embu kuwa miongoni mwa kaunti 23 kame, kwa sababu ya Mbeere hasa. Lakini mpango wa serikali wa bima ya mifugo ulioanza mwaka 2015 huko Wajir na Turkana ulielekezwa kaskazini na Tana River, na fedha za msaada wa njaa za mpango wa HSNP zilianzia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Sina kinyongo na ndugu zetu hao, maana dhiki yao ni kubwa zaidi. Ninachouliza ni hiki: je, mfugaji wa Ishiara ahesabiwe na nani, ikiwa kwa watu wa kaskazini yeye ni mtu wa mlimani, na kwa watu wa mlimani yeye ni mtu wa jangwani? Wastani wa kaunti yenye majani chai juu na migunga chini humficha kabisa.

Swali la pili ni la wakati. Serikali ilinunua mifugo iliyodhoofika katika ukame uliopita kupitia Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1950. Wazo ni jema. Lakini mnyama anafaa kununuliwa angali na nyama, mwenyewe akiwa bado na uwezo wa kuamua auze nani na abakize nani. Onyo la ukame huja mapema siku hizi, kwa kuwa wataalamu wa hali ya hewa hutabiri misimu miezi kadhaa kabla. Pesa ndizo huchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mfugaji huchukua miaka kujengwa, maana mbuzi hazaliwi kwa amri ya waziri.

Swali la tatu ni la chanjo. Wale mbuzi 4 waliouawa na homa ya mapafu hawakuuawa na jambo la kigeni. Kimelea cha ugonjwa huo kilitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya mwaka 1976, na chanjo yake hutengenezwa nchini na taasisi ya KEVEVAPI. Huduma za mifugo ni jukumu la kaunti tangu ugatuzi uanze. Mvua ya El Niño ya 2023 ilitabiriwa kabla ya Oktoba. Kama utabiri ulitoka na chanjo ipo, kwa nini sindano isitangulie mvua?

Yamkini kutatokea msomaji wa kusema kwamba ninaichafua ibada ya familia kwa siasa. Atasema kwamba watu wamshukuru Mungu wao kwa amani, na malalamiko yangojee siku nyingine. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona inatenganisha vitu ambavyo wenyewe hawavitenganishi. Mzee yule yule aliyeongoza kikao ndiye aliyenionyesha kijitabu cha shule ambamo mjukuu wake huandika kila mnyama anayezaliwa, anayekufa na anayeuzwa, pamoja na bei. Alisema anakiweka ili atakapokuja mtu kumuuliza alipoteza nini, asijibu kwa machozi bali kwa karatasi. Hakuona mgongano kati ya kijitabu hicho na sala.

Yupo pia msomaji wa upande wa pili, hasa vijana wetu wa vyuoni, anayeamini kwamba shukrani ni kasumba ya maskini, kwamba mwenye njaa akishukuru amejifunga kamba mwenyewe. Huyo naye namwomba aende Ishiara. Atakuta watu wanaojua idadi ya kila walichopoteza. Mtu wa namna hiyo hadanganyiki kwa urahisi. Anayelalamika bila hesabu hunyamazishwa kwa gunia moja la mahindi, lakini aliyeshukuru kwa hesabu anajua gunia hilo limepungua kiasi gani.

Kwa hiyo rai yangu ni nyepesi. Tunapofunga mwaka, majumbani na hata katika idara za serikali, tuufunge kwa utaratibu wa wafugaji hao: lililo gumu litajwe kwanza, kwa idadi na kwa jina, kisha la kheri lifuate. Ripoti za kaunti kuhusu mifugo ziandikwe kwa kata na kwa lokesheni, si kwa wastani unaowazika watu. Na viongozi waliozoea kuomba makofi wakumbuke asili ya neno wanalopenda kulisikia. Asante maana yake ni "umefanya vyema". Anayeitaka kutoka kwa mfugaji wa Ishiara na awe tayari kumwonyesha ni jambo gani jema alilolifanya, na alilifanya lini: kabla ya mbuzi kufa, au baada ya mvua kunyesha.